Korongo la Pili

Jumatatu, 6 Machi
Ofisini Kondoa tangu saa mbili. Ramani ya msitu wa kijiji tayari, wino umekauka. Afisa wa mkoa anatoka Dodoma Alhamisi kuisaini. Akisaini inakwenda wizarani, na msitu unakuwa wa kijiji kisheria. Mistari imenyooka. Nimejisifu peke yangu.

Jumanne, 7 Machi
Nimempelekea ramani Mzee Issa, mwenyekiti wa kamati ya msitu. Ameitazama weee. "Mama Misitu, mizinga yangu ya nyuki umeiacha nje. Na kisima je?"
Nimeikagua tena. Nimeishia korongo la kwanza. Mpaka wa kijiji ni korongo la pili.
Najua ilivyokuwa. Tulipima mwezi wa Ramadhani. Wazee wamefunga, jua kali, saa sita nikawaruhusu warudi nyumbani. Kipande kilichobaki nikakijazia mezani. Nikajiambia ni huruma. Ulikuwa uvivu, nimeuvika kanzu.

Jumatano, 8 Machi
Mvua. Kipande kikibaki nje ya ramani, wenye leseni za mkaa wataingia na mashoka, na siku hizi kila mwenye lori anapata leseni. Miti ikiisha, kisima nacho kwisha. Nikisema, nitaitwa mzembe, na orodha ya watumishi wa kupunguzwa bado haijafungwa. Naogopa sana.

Alhamisi, 9 Machi
Nimesema. Afisa alishashika kalamu. Nikamwambia ramani ina kosa, na kosa ni langu. Kisha akauliza kama nina buti.
Tumekwenda kijijini kwa Landrova yake, Mzee Issa akawaita wenye mizinga, tukatembea wote hadi korongo la pili, afisa kakunja suruali yake ya ofisini. Kila mwenye mzinga mpakani alisimama chini ya mti wake akaita jina lake. Nikachora papo hapo kwa penseli, karatasi inalowa. Mzee Issa aliita mara tatu, asije akasahaulika tena.
Saa kumi afisa akasaini juu ya boneti ya Landrova. Kuhusu kazi yangu alisema tu nisirudie. Nimelia kwa furaha, sioni aibu.

Jumapili, 12 Machi
Baada ya ibada nikapanda basi la Kolo, kwenda kijijini. Nimemwamkia Mzee Issa, kanipa asali kwenye chupa ya soda. Hakutaja ramani. Nikashuka kisimani, nikanywa kwa kiganja. Maji ya baridi.
Ramadhani ijayo nitaanza kupima alfajiri.