Jagi la Shangazi

Wanangu,

Chakula kiko kwenye sufuria, kipasheni moto. Godoro la babu liko juani, ligeuzeni.

Asubuhi shangazi yenu alimmwagia babu jagi zima la maji akambatiza palepale kitandani, eti baba yake haendi kupasuliwa bila ubatizo. Babu akafoka, "Namwamini Yesu, inatosha. Yule mwizi msalabani alibatizwa na nani?"

"Yule hakuwa na binti mwenye jagi," shangazi akajibu, kisha akaangua kilio.

Babu akamtazama weee, akainamisha kichwa. "Kisogo bado kikavu. Haya, malizia."

~~Shangazi msimsemeshe.~~ Shangazi mpelekeeni chai chumbani. Mimi nampeleka babu hospitali. Yuko garini, kalowa chapachapa, na bado anabisha.

Mama