Wamemchimbia Deo Naye Anapumua

Dada yangu Agnes,

Hujambo wewe, na shemeji, na wanao? Mama presha yake imetulia, au bado anaficha vidonge chini ya mto halafu anaapa kuwa kameza? Mimi nikikuambia sijambo utajua naongopa hata kabla hujageuza ukurasa. Niko hai tu. Nakuandikia nikiwa kwenye benchi la veranda ya hospitali, hapa Bukoba mjini. Deo, mume wangu, yuko ndani, kwenye wodi ambayo siingii mpaka niitwe. Simu sikupigii makusudi, maana nikisikia sauti yako nitalia, na Mama atakuwa hapo hapo anauliza kuna nini. Hii isome peke yako, kisha umwambie yale atakayoweza kuyabeba.

Ni ugonjwa huu huu, dada. Huku tunauita "ile changamoto ya kupumua", maana kuutaja jina bado watu wanaona ni kujitafutia makubwa. Deo aliupata msibani Nshamba, kwa baba yake mdogo. Wahaya kwa msiba hawana mchezo. Ukifiwa hawakuachi, wanalala kwako juu ya majani, mabega yamegusana, wanapokezana kibuyu kimoja cha rubisi, ile pombe yao ya ndizi, na vile vibuni vya kahawa vya kutafuna vinapita mkono kwa mkono kutoka kwenye kikapu kimoja. Kukataa ni kumtukana mfiwa. Mimi nilivaa barakoa yangu, wanawake wakanicheka, "Huyo mswahili anaogopa harufu yetu." Nikaivua, dada. Nani anataka kuchekwa msibani?

Tuliporudi alianza na kikohozi, kisha mwili ukamwishia nguvu. Deo yule yule wa kubeba mikungu ya ndizi na kuipanga kwenye pikapu peke yake akawa anapumzika kati ya kitanda na mlango. Tukamfukiza. Mikaratusi, mchaichai, malimao, blanketi juu ya kichwa, mpaka nyumba nzima ikanuka kama duka la dawa za kienyeji. Nikasema twende hospitali. Eh! Utadhani nimesema twende tukamuuze.

Hapo ndipo ujue hali ya huku. Kila mtu ana serikali yake kichwani. Pale kwetu Kamachumu, sokoni, utamkuta mmoja anaapa kuwa wakubwa walituokoa, kwamba wangetufungia ndani kama nchi nyingine tungekufa njaa kabla ya ugonjwa. Mwenzake anamjibu, "Wametuokoa wapi, wakati kila Jumapili padri anasoma majina ya marehemu mpaka anakohoa?" Jana ilikuwa hakuna ugonjwa, tujifukize na tusali. Leo upo, tuvae barakoa na tuchanjwe. Mwenyekiti wa kitongoji anakuja kuhimiza watu wakachanjwe, barakoa yake iko kidevuni, na ukimuuliza yeye kachanja anasema anasubiri maelekezo. Nilicheka siku ile. Sasa sicheki tena, maana huko kuyumba kwao ndiko kulikotaka kuniua mume.

Baba mkwe, Mzee Kaizilege, si mtu mbaya. Wewe ulimwona kwenye harusi, anavyosema polepole. Lakini alisikia kwamba anayefia hospitali kwa ugonjwa huu anazikwa na watu waliovaa makoti meupe, huko kwenye makaburi ya mji, ndugu wakitazama kwa mbali. Na kwa hawa, dada, mtu kuzikwa nje ya kibanja chake ni msiba juu ya msiba. Kibanja ndiyo ile migomba na kahawa inayozunguka nyumba, na mababu wote wamelala humo. Asiyezikwa humo ni kama hakuwahi kuwa na kwao, na wanawe kesho wataulizwa, "Kaburi la baba yenu liko wapi?" Nikawaambia mficha maradhi kifo humuumbua. Mama mkwe akanijibu, "Hiyo ni misemo ya kwenu Tanga. Hapa mgonjwa anauguziwa kwao."

Basi tukamficha. Wageni wakija tunasema kaenda Muleba kununua spea. Naye chumbani anakoholea ndani ya mto.

Siku moja asubuhi nikasikia majembe nyuma ya nyumba. Natoka, namkuta baba mkwe na shemeji zangu wawili wanachimba kati ya migomba. Nikauliza shimo la nini. Shemeji mdogo akaangalia chini. Mzee akasema, "La kuvundikia ndizi za pombe." Nikarudi jikoni, nikawasha moto. Mkono wangu una kiberiti, akili yangu iko kule. Shimo la ndizi huwa la mviringo, dada, na halifiki kiunoni. Hili lilikuwa refu kama kitanda, na pembe zimekwanguliwa vizuri. Wanamchimbia mume wangu kaburi naye anapumua! Wamepanga akikata roho wamfukie mara moja, kabla mtu wa serikali hajasikia. Na walifanya kwa upendo, ndiyo maana nilishindwa hata kuwatukana.

Niliingia chumbani nikajifanya natafuta kanga. Deo akaniuliza, "Wanachimba nini?"

"Wanavundika ndizi."

Akatafuta pumzi. "Rehema, ndizi za pombe ziko wapi mwezi huu?"

Nikakaa kitandani, nikamshika mguu. Nilidhani atalia. Ila mume wangu alisema neno ambalo mpaka leo nalisikia. "Basi kama langu liko tayari, sina tena cha kuogopa. Nipeleke hospitali."

Nikampigia Abdu, yule mwenzake wa hapa mjini wanayepakia naye mizigo, mtoto wa Kiislamu mwenye moyo kama wa ndugu. Alikuja na gari bila kuuliza neno. Mama mkwe alisimama mlangoni mikono kichwani, lakini hakutuzuia. Mzee alikuwa kwenye kahawa. Njia nzima Deo kichwa chake kiko pajani kwangu, midomo imekuwa ya bluu, na mimi nasali sala zote, hata zile za watoto za kabla ya kula. Tulipofika wakamwekea hewa ile ya mtungi. Daktari, kijana tu, akaniambia, "Mama, mmechelewa, lakini tutapambana." Nikamuuliza jambo moja kabla ya yote: akifa, mtanipa? Akasema watanipa, nitamzika kwetu, ila wazikaji wawe wachache. Dada, tulimficha kwa ajili ya uvumi!

Nilidhani nimemaliza vita. Juzi baba mkwe akaja. Kakodi gari, kaleta godoro, amekuja kumchukua mwanawe. Nesi akamweleza hapo hapo verandani kuwa akitolewa kwenye ile hewa hatafika hata Muhutwe, hapo njiani tu. Nikamwambia pia kuwa miili wanatoa, nimeuliza mwenyewe. Akanitazama kama mtoto aliyedanganywa kwa peremende.

"Nani kakuambia? Serikali? Serikali ilisema ugonjwa haupo. Ikasema ulikuwepo, umeisha. Sasa inasema upo, tutoe mabega. Serikali isiyojua mwanangu anaumwa nini, itajuaje nimzike wapi? Kesho wakibadilisha tena neno, utamdai nani mwili?"

Dada, yote aliyoyasema ni kweli. Watu kwenye mabenchi wakaitikia kwa vichwa. Kuna mzee mmoja akasema, "Waitu, umesema," yaani mkubwa wangu, umenena.

Akaniambia nikimzuia akafia hapa, mimi si mkamwana wake na watoto wangu wasikanyage kibanja. Akashika kitasa cha mlango wa wodi.

Unajua mimi na magoti. Miaka yote niliyoolewa wananisema kuwa mke wa Deo hajui kupiga magoti akisalimia wakwe, anainama nusu kama anaokota sindano. Siku hiyo nilianguka kwenye sakafu mbele ya watu wote, nikashika viatu vyake vyenye udongo. Nikamwambia, "Bojo, Tata. Nakusihi, baba. Mimi sijui serikali, sijawahi kuijua. Najua ile hewa tu. Ukinifukuza nitaondoka na watoto wangu, nitarudi Muheza kwa mama yangu, lakini usimtoe. Kuna kaburi linamngoja, najua. Mwache alichelewe."

Aliachia kitasa. Akaenda kwenye gari, akakaa humo na mlango wazi, godoro likiwa nyuma, mchana wote. Kisha akaondoka bila kuaga. Nikajua nimefukuzwa.

Leo asubuhi simu ikaita, mama mkwe. Nilipoona jina nilikaa chini kwanza. Akasema, "Mzee kaamka kabla yetu. Kakata mgomba, kauviringisha shuka kama mtu, kauweka kwenye lile shimo, kafukia." Kaburi kwao likishachimbwa haliachwi wazi, na tupu halifukiwi, kwa hiyo humo umelala mgomba badala ya mume wangu. Majirani kuona udongo mpya wakaja na vilio vyao, mzee kawafukuza kwa jembe: "Nendeni makwenu, hapa hajafa mtu!" Kisha mama mkwe akanisemea polepole, "Mwanangu, anasema Deo asirudi mpaka apone." Kaniita mwanangu, dada.

Nikaomba niingie. Deo amekonda mpaka meno yameonekana makubwa. Nikamwinamia sikioni nikamweleza yote. Macho yakazunguka, nikadhani hakunisikia. Akasogeza ile barakoa ya hewa kwa kidole.

"Mgomba gani?"

"Ule wa karibu na mlango wa jikoni."

"Ule una mkungu!" Akakasirika kweli kweli, mpaka nesi akaja kumrudishia hewa. Ndiyo maneno ya kwanza kuniambia tangu tufike.

Mpe Mama salamu, mwambie Deo ana mafua makali na nipo naye. Msalimie kaka yetu mkubwa Yohana, aache ubishi akachanjwe, hata kama haiamini serikali, aniamini mimi. Shangazi Tabitha wa kwaya aniombee kwa sauti, ile yake inayosikika mpaka barabarani. Wanao wabusu, wa kwangu wako kwa bibi yao Kamachumu.

Daktari bado hajaniahidi kitu, dada. Wananiita tena mlangoni, na sijui ni kwa neno gani. Naifunga hapa.

Mdogo wako,
Rehema