Bonde Letu Ulilolifukia

Nyumbani kwa Baba,
Chumba cha mbele,
Jumatatu, 14 Aprili.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zangu tele. Hujambo huko uliko? Wifi yangu hajambo? Na wanangu je, yule kitindamimba ameacha kula chaki? Mgongo wako umepata nafuu, au bado unainuka kitini kwa awamu kama ngamia? Mimi mwili mzima. Moyo ndio mgonjwa, na nimeshika kalamu kwa sababu simu zangu hupokei.

Bonde alilotuachia Baba, mimi na wewe, limefukiwa. Malori ya kifusi yalianza kumwaga Alhamisi asubuhi. Nilitoka mbio, kiatu mguu mmoja, nikamuuliza msimamizi wao nani kawatuma, maana mwenyewe ni mimi. Akanijibu kwa adabu, "Mama, mwenyewe ameshamuuzia bosi wetu. Hata kazi ametuelekeza yeye kwa simu."

Najua hati ina jina lako. Baba aliiandika hivyo kwa kuwa wewe ndiye mwanamume, nami sikuona neno, kwani tulikubaliana haliuzwi. Neno lako nililiona linatosha.

Unalijua darasa langu la Jumamosi. Ulizoea kunitania kwamba nilisoma miaka yote ile nije kuwafundisha watu wazima kutazama mitaro. Nawafundisha kwamba mji ni kitu hai: unakula, unakunywa, unapumua, unatoka jasho, na unajisaidia pia, na hapo darasa zima hucheka. Popo wanaolala darini kwa fundi cherehani ndio wanaopunguza mbu wa mtaa wa chini. Lami tupu ya stendi, pale palipokatwa miti, ndiyo inayowanyima usingizi kwa joto. Hakuna kinachoishi peke yake mjini, hata bomba la maji machafu.

Mvua ikikatika, kila mmoja hutupa ganda la chungwa kwenye mtaro wa mlangoni pake na kulifuata mpaka linapoishia. Watu wazima na heshima zao wanakimbizana na maganda! Mwosha magari tunayemwita Povu alianza kwa kunicheka, na sasa ndiye anayegombana na kila anayemwaga oili chafu mtaroni. Karibu maganda yote yaliishia bondeni kwetu, kwenye matete, ambako maji hutulia na kuzama taratibu. Hapo ndipo mtaa huu ulipokuwa unakunywa.

Ulipokuja likizo ukaomba kufuatana nasi. Kaka, nilifurahi mno. Ulikunja suruali, ukalifuata ganda lako, ukaniuliza maji yanaingilia wapi na wapi. Nikakuonyesha midomo yote ya bonde, hata ule uliojificha nyuma ya choo cha jirani, ambao darasa lilihangaika nao sana kabla ya kuugundua. Kisha ukasimama mbele ya watu ukasema bonde hili ni la mtaa mzima. Wakakupigia makofi. Mimi nilitokwa na machozi, mjinga mimi.

Wale watu wa malori wameziba midomo ile ile. Hata ule wa nyuma ya choo. Hawakutafuta, walikuja wakijua. Ungeuza kimya kimya ningeumia, lakini umeniuza kwa somo langu mwenyewe. Ulikuwa mwanafunzi makini kuliko wote, nami nilidhani ni mapenzi.

Ijumaa mvua ilinyesha. Maji yalikosa pa kwenda, yakateremka mtaa wa chini na kuingia kwa fundi cherehani. Sare za shule alizokuwa anazishona zimelowa zote, na cherehani ameipandisha kitandani, yeye analala kwenye kiti. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Jumamosi darasa lilikuja na maganda yao. Yote yaliishia mlangoni kwa fundi cherehani. Povu akaniuliza, "Mwalimu, hii kazi ya nani?" Nimewafundisha mwenyewe kwamba "mvua tu" si jibu, wafuate jambo hadi chanzo chake. Basi nikakutaja wewe.

"Yule aliyetuhutubia?" akauliza.

Nikasema ndiye.

Halafu fundi cherehani, ambaye hajawahi kukosa darasa langu hata moja, akaniuliza polepole kama nami nilijua. Nikaapa sikujua. Wakatazamana, wakaondoka mmoja mmoja, na sikuwa na ganda la kutupa ili waone ninasema kweli.

Bosi hajaanza kujenga. Kifusi huondolewa, na midomo inaweza kufunguliwa. Wewe ndiye wanayemsikiliza. Wapigie.

Msalimie wifi, na wabusu wanangu wote, hasa mla chaki. Mungu awape afya, na pa kulala pakavu.

Ni mimi mdogo wako, ambaye tangu Alhamisi najaribu kuacha kukupenda na nashindwa.