Gauni Lililokuwa Fupi

Salma mjukuu wangu,

Marahaba, shikamoo yako imenifika. Huku sote wazima, na shangazi yako wa Matemwe kajifungua mtoto wa kike.

Umeniuliza kama naelewa unachokitafuta kwenye utafiti wako wa homoni za watoto. Nilikiona zamani, kwa futi yangu ya fundi cherehani.

Ujanani nilikuwa nikishona nguo za Sikukuu pale Darajani. Mtoto mmoja, Mwanaidi, nilimpima miaka mitatu mfululizo na urefu wake haukusogea hata inchi. Nikamwambia mama yake, "Bi Asha, mtoto huyu harefuki. Mpeleke hospitali." Kumbe tezi yake ya shingoni ilikuwa haitoi homoni ya kumkuza, akaanzishiwa vidonge.

Mwaka uliofuata sikumpima. Kwa mazoea nikakata gauni kwa kipimo kilekile cha zamani. Mwanaidi alipolivaa, likaishia juu ya magoti. Nikaomba radhi, nikataka kumshonea jingine. Bi Asha akacheka hadi machozi yakamtoka.

"Liache hivyohivyo, fundi. Nataka mtaa mzima umuone."

Sijapata tena kuharibu nguo nikashukuriwa namna ile. Nawe nakuombea magauni mafupi mengi.

Babu yako