Pikipiki ya Deo Inakohoa

Jumanne, 2 Septemba
Nimemwogesha Deo, nimemlisha uji, nimempa vidonge vya presha. Uji ukamwagika shingoni, nikabadilisha shati tena. Halafu nikatoka kupiga kiki. Pikipiki ikawaka vizuri. Nilipovuta mafuta kidogo ili niondoke, ikakohoa, ikataka kuzima. Nikavuta kwa nguvu, ikaruka kama mbuzi. Hivyo hivyo mpaka zahanati.

Ni pikipiki ya mume wangu. Alipokuwa bwana nyuki aliipanda msituni miaka yote. Nyepesi, matairi ya meno, ile ya kuchanganya petroli na oili. Tangu apigwe kiharusi naiendesha mimi, kwa sababu pikipiki ya zahanati ilikufa zamani na watoto wa ng'ambo ya mto Ugalla hawawezi kungoja nyingine. Alikuwa anaitengeneza mwenyewe, kwa kuisikiliza tu. Mimi ni muuguzi. Nasikia kelele.

Alhamisi, 4 Septemba
Nimemwaga petroli yote ya zamani. Nimechanganya mpya, oili nimeipima kwa bomba la sindano ili nisikosee. Inakohoa. Chujio la hewa lilikuwa na vumbi kama unga wa muhogo. Nimeliosha, nimelikausha. Inakohoa.

Deo alikuwa ananitazama toka kwenye kiti, akisema neno lake. Amebakiwa na neno moja. "Jumapili." Maji ni Jumapili, choo ni Jumapili, mimi ni Jumapili. Leo nilimwambia anyamaze. Akanyamaza mpaka jioni.

Ijumaa, 5 Septemba
Siku ya mkoba, ya kupeleka chanjo vijijini. Mama Zawadi, jirani, alikaa na Deo. Nikafunga boksi la chanjo nyuma, nikaondoka mapema.

Barabara ngumu haikuwa na shida, unavuta mafuta mengi inakwenda. Shida ni mchanga wa mtoni. Pale huwezi kuvuta sana, tairi linachimba. Inabidi uende taratibu, kidogo kidogo, na hapo ndipo inapokohoa. Ikazima katikati. Nikawasha. Ikazima. Mara ya tatu ikaruka, nikaanguka nayo. Goti limechubuka. Boksi liko salama, barafu nzima.

Niliisukuma mpaka ukingoni. Nilipofika, akina mama wengi walikuwa wamesharudi shambani. Mmoja aliyebaki akasema, "Nesi, tulidhani leo hamji." Nimechanja watoto wachache waliokuwepo. Wengine itabidi wangoje. Nimekasirika. Sijui namkasirikia nani.

Jumamosi, 6 Septemba
Nimekwenda Mpanda. Fundi aliipanda, akazunguka stendi, akarudi anatikisa kichwa. Akafungua plagi, akanionyesha. Nilitegemea iwe nyeusi, kumbe nyeupe kama majivu.

"Inakosa mafuta, dada, au inakula hewa nyingi," akasema. "Ila hizi za kuchanganya zimeisha mjini. Mimi nashika bodaboda siku nzima. Sitaki kukudanganya."

Nilimshukuru kwa kutonidanganya. Amebadilisha plagi. Njiani kurudi ilikohoa kila kijiji nilipopunguza mwendo. Nimefika mwili wote unauma, Deo amelowa, Mama Zawadi anaomba radhi. Nikaanza kufua.

Jumapili, 7 Septemba
Sikwenda kanisani. Wifi Felista, dada yake Deo, amekuja toka Mishamo na mzigo wa mihogo mikavu. Alipomwona kaka yake alilia kimya, akafuta uso, akachukua ufagio.

Baada ya chakula akasema. Kwao nyumba haikosi watu, vijana wa kumnyanyua wapo, wazee wa kuongea naye Kirundi, lugha yao ya nyumbani, wapo. "Wifi, wewe umebaki mifupa. Nipe kaka yangu nikae naye." Alisema mbele yake, kama vile hayupo. Na mimi nikajibu hivyo hivyo, kama vile hayupo. Nikasema nitafikiri.

Ukweli nauandika hapa. Nilitamani aende. Niliona kitanda, mimi peke yangu, nimelala mpaka jua limetoka. Halafu nikamwangalia anavyotafuna upande mmoja, nikaona vibaya.

Jumanne, 9 Septemba
Felista anamwogesha sasa. Nimepata jioni mbili za pikipiki.

Deo aliomba kwa ishara kiti chake kisogezwe karibu. Akaanza kunyoosha mkono wa kushoto. Kabureta. Nikigusa kitu kingine anapiga goti kwa kiganja. Nikigusa kabureta anatulia. Basi nikaifungua. Sijawahi. Nimepanga vipande kwenye sinia ya chai kwa mpangilio wa kuvitoa. Kuna tundu dogo ambalo mafuta hupita ukivuta kidogo, jembamba kama la sindano ya mtoto. Nimelipuliza, nimepitisha uzi wa waya. Lilikuwa safi toka mwanzo.

Nimerudishia. Imewaka. Inakohoa. Deo akanyoosha mkono. Kabureta.

Jumatano, 10 Septemba
Nimeifungua tena. Boya, pini, skrubu ya hewa, vyote. Skrubu nimeikaza, nimeilegeza, nimeikaza. Inakohoa vilevile. Deo ananyoosha mkono palepale.

Nikamfokea. "Nimeshafungua, Baba Neema. Hakuna kitu humo. Umekosea." Hajawahi kukosea kuhusu pikipiki hii. Alikuwa anaisikia toka nyumba ya tatu anajua inaumwa nini. Akatazama mkono wake kama wa mtu mwingine. Kisha machozi yakatoka, jicho moja kwanza. Felista akanitoa nje kwa macho.

Nimekaa kwenye tofali nyuma ya nyumba. Sikulia. Nimechoka hata kulia.

Ijumaa, 12 Septemba
Nimeipata.

Leo sikumsogeza Deo. Niliwasha peke yangu. Ilikuwa bado baridi nikavuta choki, nikasahau kuirudisha, nikavuta mafuta kidogo. Haikukohoa. Nikarudisha choki. Ikakohoa. Nikavuta. Ikatulia. Nikakumbuka plagi nyeupe na maneno ya fundi. Choki inapunguza hewa. Basi kuna hewa inaingia pasipotakiwa, baada ya kabureta.

Nikachanganya sabuni na maji, nikajaza bomba la sindano, nikaanza kumwagia kidogo kidogo injini ikiwa inaunguruma. Huku hamna, huku hamna. Nilipofika kwenye mpira unaoshika kabureta na injini, kwa chini, mlio ukabadilika. Maji yakanyonywa. Nimeufungua. Kwa juu mzima. Ukiupinda chini unaachama kama mdomo wa kambale.

Nimeufunga kwa utepe wa tyubu ya baiskeli na waya, kwa muda, mpaka fundi aniletee mzima kwa basi. Nikavuta mafuta kidogo. Ikapanda polepole, laini, bila kukohoa. Nikarudia mara nyingi bila sababu.

Halafu nikaenda kumwambia. "Ni mpira, Baba Neema. Siyo kabureta." Nikamsogeza, nikaiwasha; akashika tairi kwa mkono mzima, akasogeza sikio. Alisikiliza muda mrefu. Akapapasa ule mpira niliofunga, akapitisha kidole gumba kwenye waya. Akatikisa kichwa kukubali. Kisha akageuza uso kuelekea barabarani, hakuitazama tena.

Nilitegemea afurahi. Sijui kwa nini nilitegemea hivyo.

Jumapili, 14 Septemba
Felista alikuwa anafunga mizigo yake, kesho basi. Sikuwa nimempa jibu. Deo akajivuta toka kitandani mwenyewe, akikokota mguu, akaenda mpaka kwenye begi la dada yake. Akaweka shati lake juu. Halikuwa limekunjwa.

Felista akanitazama. Mimi nikapiga magoti mbele ya Deo. Nikamuuliza kitu ambacho hakuna aliyemuuliza wiki nzima. "Unataka kwenda Mishamo?"

Akatikisa kichwa. Ndiyo.

"Unataka kweli, au unanionea huruma?"

Akaweka mkono mzima kichwani kwangu, kama anavyombariki mtoto. "Jumapili," akasema. Akasubiri nielewe. Sikuelewa. Nikasema, "Sawa."

Nimemkunjia nguo. Nimemwandikia Felista vidonge, asubuhi na jioni. Nimemwelekeza jinsi ya kumgeuza ubavu asichubuke. Kazi hiyo naijua, mikono ilifanya yenyewe.

Jumatatu, 15 Septemba
Wamekwenda. Utingo na dereva walimnyanyua, walimsemesha vizuri, wakamkalisha dirishani. Hakupunga mkono, alikuwa ameshika bomba la kiti. Mama Zawadi akaniambia, "Pumzika sasa, Mama Neema."

Nimelala mchana. Nimeamka sijui ni siku gani.

Sijui kama kwa kuitengeneza ile pikipiki nilimpa ruhusa ya kupumzika, au nilimwonyesha mlango. Nimelifikiria kila upande. Mpira nao fundi ameuleta, nimeufunga. Unakaa vizuri.

Alhamisi, 18 Septemba
Mkoba wa waliokosa. Nilipita mchanga wa mtoni bila kushusha mguu. Akina mama walikuwepo, karibu wote. Watoto walilia kama inavyotakiwa. Nimerudi jua likiwa juu bado, nikaosha pikipiki, nikakaa.

Felista akapiga. Deo anakula vizuri. Jana vijana walimpeleka mtoni kutazama watu wanavua. Amekataa dawa mara moja tu. Kisha akasema, "Nakuwekea," nikasikia simu inagusa nywele za Deo.

Nikaanza na mchanga. Nikamweleza nilivyoingia gia ya pili, mafuta kidogo tu, jinsi ilivyokuwa inasukuma taratibu bila kukata, mawe ya ukingoni, mti ulioanguka, kona ya kwa Mzee Kapele ambako siku hizi kuna shimo. Nilimweleza njia yote kwenda na kurudi. Nilikuwa namsikia anapumua.

Yalipoisha nikaendelea kusikiliza. Yeye pia. Tukakaa hivyo, simu masikioni, mpaka Felista akasema kwa mbali kwamba mkono wake wa kumshikia simu umechoka.