Kiungio cha Shaba

4 Februari

Mkwe wangu,

Salamu. Sisi wazima, ila mguu wa mama yako bado unamsumbua. Na wewe kifua je?

Lile tanki la kioo la marehemu mwanangu liko sebuleni, bado ndani ya boksi. Ulipoondoka baada ya mazishi ulibeba hata pasi, hili ukaliacha. Ni la lita thelathini tu, lakini kila anayepita analigonga. Tuma mtu alichukue, au nimpe jirani alelee vifaranga.

Baba mkwe

19 Februari

Shikamoo Baba,

Kifua kimepona. Mpe Mama pole ya mguu.

Jirani usimpe. Mwanao alitaka kufuga matumbawe humo, na mimi nimepanga chumba kimoja, umeme wa kubahatisha. Ukipenda, lianzishe wewe. Duka ninalofanyia kazi linauza samaki wa mapambo, kwa hiyo naijua kazi hiyo. Chukua maji yaliyochujwa, tia chumvi ya bahari gramu thelathini na tano kwa kila lita. Weka mchanga, mawe ya baharini, pampu ndogo. Kisha ngoja mwezi na zaidi bila kutia kiumbe chochote, mpaka maji yaive, yaani yaweze kujisafisha yenyewe. Yakipungua ongeza yasiyo na chumvi, maana maji hupaa, chumvi haipai.

Nikishakuelekeza sitakusumbua tena. Tangu uliposema kaburini, mbele ya watu, kwamba nilimkalisha mgonjwa ndani mpaka tukachelewa hospitali, najua mnavyoniona.

Mkweo

2 Aprili

Mkwe wangu,

Salamu. Mguu una nafuu. Mimi siumwi, usingizi tu ndio hauji.

Tanki nimelianzisha. Kila kitu nimekipima mara mbili. Mimi hakuna aliyenisomesha, hesabu nilijifunza kwa kukata mabomba ya watu, na bomba likipungua sentimita moja unalilipa. Mwezi mzima nimekaa nikitazama mawe. Mama yako akipita ananiuliza, "Mzee, leo kafunga nani?"

Juzi nimetia konokono wanne na tumbawe dogo la zambarau. Asubuhi linafunguka kama kiganja. Ule mpira wa pampu ulikuwa unavuja maungioni, plastiki ya kitoto kabisa. Nimeing'oa nikafunga kiungio cha shaba, kile ninachowafungia wateja wakubwa. Hakitoi hata tone.

Hayo mengine uliyoandika nimeyasoma.

Baba mkwe

11 Aprili

Mkwe wangu,

Salamu. Wazima.

Hujajibu. Konokono wamekufa wote. Tumbawe lilijikunja, jana limeanza kuyeyuka. Chumvi iko sawa, joto liko sawa. Nyie watu wa maduka mnatuuzia nini?

Nilidhani nitakasirika. Nimekaa tu, kama siku ile tuliyomzika. Kilikuwa kitu chake, nacho kimenifia mkononi. Niambie nilipokosea.

Baba mkwe

20 Aprili

Shikamoo Baba,

Mimi mzima. Barua zako mbili zimenifika pamoja.

Ni shaba, Baba. Ikiingia majini hata kidogo, konokono na matumbawe hawaponi. Samaki angevumilia, hao hawawezi. Rudisha plastiki. Mawe na mchanga vimeshainywa, vitupe, uanze upya.

Usijilaumu. Ulifunga kilicho bora kuliko vyote ulivyonavyo, na maji yakabaki meupe. Ungejuaje? Mimi nilimpa mwanao dawa ya homa, akanywa, jasho likamtoka, akaomba chai. Nikaona anapona.

Mkweo

1 Mei

Mkwe wangu,

Salamu. Mama yako sasa anatembea bila fimbo.

Mawe nimeyatupa, na mchanga wake. Nimefunga plastiki. Inavuja kidogo, nimetandika kitambaa. Tunangoja upya.

Barua yako niliisoma, nikaiweka, nikaisoma tena. Maneno yale niliyasema mbele ya watu, hayafutiki kwa barua ya watu wawili. Jumapili ya tarehe kumi na tano nimewaita waliokuwepo: wadogo zangu, shangazi zake, majirani, hata waliochimba kaburi. Nimewaambia nina neno. Wanadhani nauza nyumba.

Nauli sikutumii, usije ukasema nimekulazimisha. Ukija, usibishe hodi, ingia. Usipokuja, nitalisema vilevile.

Baba