Rangi ya Kijani Kwenye Karatasi za Kombe

Dada Mwanahawa,

Nina mambo mawili niliyoyaficha. La kwanza nimewaficha watu wa Kivinje kwa zaidi ya miaka thelathini: wino uliomdhuru yule mtoto haukuwa wako, ulikuwa wangu. Hilo wewe ulilijua. La pili nimekuficha wewe. Nitalifikia, usiniharakishe. Kifua kimejaa, lakini akili ninayo, na hasira ninayo.

Hasira yenyewe sijui nianze kuielekeza kwa nani. Nianze na wale waliokuja kukuzika. Walikuja kijijini Mitole kwa wingi, Dada, wale wale waliokuita Mama Sumu. Wakaketi jamvini, wakala wali, wakasema marehemu alikuwa na mikono ya baraka, karatasi zake zilikuwa laini kama kitambaa, Maulidi ya siku hizi hayana maua ya karatasi kama yale. Mmoja akaniuliza kama umeacha mihuri yoyote ya kugongea karatasi, angependa kupata ile ya nyota. Nilitamani kumtupia sahani. Sikumtupia. Nilisema, "Mungu amrehemu," nikaendelea kula.

Masika moja imepita tangu siku hiyo. Mwanao Somoe amehamia kwangu, ananipikia uji na kunigombeza nisipoumaliza. Kinu ulichotwangia magome ya mgomba sasa kinatwanga mpunga. Ile fremu ya kuchujia rojo imeliwa na mchwa upande mmoja. Watoto wa Somoe hawaamini kwamba mgomba uliochemshwa na majivu, ukatwangwa, ukamwagwa juu ya kitambaa na kuanikwa, unaweza kuwa karatasi. Nimewaonyesha moja niliyoihifadhi. Mdogo akaikunjakunja, akataka kuila.

Unakumbuka ulivyokuwa ukinicheka? Nikirudi kutoka boma, ofisini kwa serikali, vidole vimejaa wino wa zambarau, ulisema, "Karani kazi yako kugonga karatasi za watu, ya kwako hujatengeneza hata moja." Ndipo nikaanza kukuchongea mihuri ya mti wa mninga. Nyota, mwezi, jani la mkungu. Tukawa tunatafuta wino pamoja pale uani. Gome la mkandaa likatupa wekundu uliokaribia damu. Masizi na utomvu wa mkorosho yakatupa weusi, ingawa ulikuwa ukinata mpaka karatasi mbili zikawa moja. Bizari ilififia baada ya juma moja juani. Kijani hatukukipata. Majani tuliyoyaponda yote yaligeuka rangi ya matope, nawe ukasema basi, Mungu kaipa miti, sisi ametunyima.

Mimi sikukubali. Nilikuwa nimesoma shule ya Mjerumani, nikaajiriwa na Mwingereza, na nilidhani hakuna kitu nisichoweza kukipata.

Karatasi za kombe zilikuwa jambo jingine, na ulizitenga kwenye rafu yake. Mwalimu wa chuo cha Kurani alikuwa ameona kwamba wagonjwa wa mbali, wa Njinjo na kwingineko, hawawezi kuja kunywa kombe, yale maji ya aya iliyooshwa, kwenye sahani yake. Akawa anachukua karatasi zako nyembamba, anaandika aya kwa zafarani na marashi, mgonjwa anakwenda kuiloweka kwao na kunywa yale maji asubuhi tatu, karatasi moja kila asubuhi. Baadaye hata wa mjini wakazipenda. Kwenye rafu ile hukuruhusu wino wetu wowote. Ulisema, "Wino wa kutazama na wino wa kunywa havilali kitanda kimoja." Mimi nilicheka.

Ulipokwenda Mitole kwenye matanga ya mama mkubwa, nilinunua mrututu dukani, yale mawe ya buluu ambayo watu husaga na kupaka kwenye vidonda. Niliyasaga, nikayachanganya na bizari na utomvu wa mkorosho. Dada, nilikipata kijani. Kilikuwa kijani cha bendera ya Maulidi. Nilipogonga nyota ya kwanza nilipiga kelele peke yangu uani. Nikagonga mpaka karatasi za kutazama zikaisha. Mwalimu alipotuma mtu kuchukua za kombe, nilizivuta kutoka rafuni nikazipiga nyota kwenye pembe zote, mara mbili mbili ili zikolee, nafasi ya katikati nikamwachia yeye aandike. Nilitaka ukirudi ukute mji mzima unakisifu kijani changu. Mwalimu alizisifu. Alisema zimependeza kama msahafu.

Mtoto wa jirani zetu wa karibu na msikiti alikuwa na homa. Alikunywa. Akatapika kijani, akaendelea kutapika, na siku uliyorudi ndiyo siku aliyozikwa.

Barazani walikaa wanaume. Mama wa mtoto alikuwa ndani kwao, hakuna aliyemwita. Wewe uliitwa ukasimama mlangoni na vumbi la safari miguuni. Mwalimu alishika karatasi moja iliyobaki kwake akauliza ni ya nani. Uliitazama ile rangi. Kisha ukatazama kucha zangu. Nilikuwa nimeziosha kwa ndimu, lakini kijani kilibaki kwenye mizizi yake. Ukasema, "Ni zangu, Mwalimu. Asiulizwe mtu mwingine."

Nani alikutuma? Nimekukasirikia kwa neno hilo kuliko ninavyomkasirikia Mwalimu, ambaye aliandika aya juu ya wino ule kwa mkono wake na akafa akibusiwa mkono huo huo. Kuliko wanawake waliopindua njia wasipite mlangoni kwako, kisha wakamtuma mtumishi aombe maua ya harusi kwa siri. Ulinifunga mdomo mbele za watu. Ningesema nini baada ya hapo? Kwamba dada yangu mwongo?

Ningesema. Najua. Usinijibu.

Nilipokuja Mitole, ulikohamia, mwaka uliofuata, ulikuwa unapalilia mtama. Mikono iliyokuwa ikinyanyua karatasi mbichi bila kuichana ilikuwa imepasuka. Hukunipa nafasi ya kuomba radhi. Ulisema, "Mimi wakiniita mchafu nitalima. Wewe wakikuita muuaji utafungwa, na mama atakufa kwa kihoro. Kunywa maji, mdogo wangu, jua kali." Nikayanywa. Nikarudi boma, nikagonga mihuri ya serikali mpaka nikastaafu, na kila mtu akaniamkia shikamoo Bwana Karani, nami nikaitika marahaba.

Hukutengeneza tena karatasi hata moja. Migomba ya Mitole ilikuwa pale pale, inaoza chini, nawe ulipita katikati yake kila siku ukienda kisimani. Hilo ndilo ninalolichukia kupita yote. Mtoto alikufa kwa siku tatu. Wewe nilikuua kwa miaka thelathini.

Sasa nakuaga, Dada. Sitaweza kuja tena Mitole, miguu haifiki hata msikitini. Lakini naahidi hili, na safari hii halitanishinda. Barua hii nimeiandika mara mbili. Nakala moja atakuwa nayo Somoe. Ya pili atasomewa kila aliye hai wa wakati ule baada ya swala ya Ijumaa ijayo, nami nitabebwa kwa kitanda niwepo, wanitazame usoni. Jina lako litarudi Kivinje bila ile sumu. Langu walifanye watakavyo.

Limebaki la pili, ambalo hukuwahi kulijua, kwa sababu mama wa mtoto hakuulizwa kamwe, naye alihamia kwao Lindi kabla arobaini haijatimia.

Hakumpa mwanawe karatasi zote tatu kwa ujinga. Asubuhi ya kwanza, mtoto alipotapika, aliacha kumpa. Alizifunga mbili zilizobaki kwenye pindo la kanga akaja nyumbani kukutafuta. Akanikuta mimi. Mtoto alikuwa amepata nafuu kidogo, alisema, ameomba hata uji, lakini yeye anaogopa. Akaniuliza mimi, kwa kuwa nimesoma, kama ile rangi ni ya maradhi au ni ya karatasi.

Nilijua ni ya karatasi. Nilimwambia, "Ni maradhi yanatoka, mama. Mpe na hizo mbili."